Themosi ya Kofia Nyekundu

Waliniambia sitaweza. Oduor kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na ploti ninayoishi pale stendi ya Kawangware 46, Nairobi, alisema mbele ya wateja wake, wembe mkononi, kwamba mtu akikaa Dubai miaka yote hiyo akarudi na diploma anaweza labda kuwafundisha watu kufunga tai, lakini kuwatungia watu wa Kibera wimbo wa kuwachekesha, halafu wimbo huo huo uwaguse moyoni mpaka machozi yawatoke, hiyo asahau kabisa. "Diploma," akaniambia (hilo ndilo jina waliloniita siku hizo, na mimi sikulikataa), "watu wa huku wameshacheka kila kitu. Wamebaki kukucheka wewe tu." Basi nasema hapa wazi: niliweza. Niliwachekesha ukumbi mzima mpaka wakalia machozi, mama watu wazima wakashikana mabega wasianguke, na kama mngekuwepo mngeshuhudia. Ila naomba mtu asiniulize nilitumia mbinu gani mpaka nimalize kusimulia, kwa sababu aibu yenyewe bado haijapoa, na kuna njia fulani za Kibera ambazo hadi leo napita nikiwa nimeinama kana kwamba natafuta sarafu.

Kwanza mnijue, maana asiyenijua anaweza kudhani mimi ni mchekeshaji wa kawaida. Niliondoka Kenya na begi moja nikarudi na diploma. Mchana nilifua mashuka ya hoteli kubwa, jioni nikaenda chuo kusomea utunzi wa nyimbo, na hakuna mtu aliyenishika mkono (shangazi yangu ndiye aliyenilea, na hata lile begi lilikuwa lake, lakini hayo tuyaache kwanza). Diploma yangu ina fremu. Iko ukutani, juu kidogo ya jiko, na nimeifunika nailoni kwa sababu ya moshi.

Jambo la pili mnalopaswa kujua ni kwamba Dubai ilinifundisha kushuku watu. Tulilala wanaume wengi chumba kimoja, vitanda vya kupandana, nguo zote zinafuliwa pamoja na kuanikwa pamoja, na asubuhi unamwona mtu amevaa shati lako na anakusalimia vizuri tu bila wasiwasi. Kwa hiyo nilinunua kalamu ya wino usiofutika nikaandika jina langu na namba ya chumba kwenye kila kitu nilichokuwa nacho: ndala, kijiko, mswaki, taulo, na kila nguo, hata zile ambazo watu hawazioni. Na bado boksa yangu ya buluu ilipotea! Nilimshuku Yusufu, aliyelala kitanda cha juu yangu, mtu mpole wa Pwani, nikamnunia mpaka siku ninaondoka. Alininyooshea mkono wa kwaheri, nami nikajifanya nahangaika na zipu ya begi.

Tabia hiyo ilirudi nami Nairobi. Nikitunga wimbo nafunga dirisha. Oduor akiniuliza, "Niaje Diploma, leo unatunga nini?" namjibu kwamba natunga kuhusu mvua, maana najua mtu anaweza kukuibia ubeti mzima huku akikunyoa kisogo.

Hata shangazi yangu nilimshuku, Mungu anisamehe. Shangazi Rasoa anaishi Kibera, upande wa karibu na mtaa wa Olympic, na siku hizo alikuwa akikaanga mandazi kwenye karai moja mlangoni pake. Nikiwa Dubai niliwahi kumtumia kartoni la mizigo, na ndani yake kulikuwa na blanketi, sabuni na themosi nzuri ajabu. Niliporudi blanketi nililiona kitandani, sabuni ilikuwa imeshaogesha watu, lakini themosi sikuiona, si mezani, si kabatini, si juu ya kabati. Sikumuuliza, mtu mwenye diploma haulizi habari za themosi. Lakini kila nilipokwenda kumsalimia, naye akanimiminia chai kutoka kwenye sufuria, jicho langu lilizunguka nyumba nzima lenyewe. Nilijiambia, ameiuza huyu.

Shangazi yumo kwenye chama cha akina mama. Utaratibu wao ni huu: zamu ikimfikia mmoja wao, wengine wote wanamletea vyombo, kila mtu na chake, kimefungwa leso, na wanakiingiza wakiimba na kucheza mpaka mezani. Mwaka ule zamu ya shangazi ndiyo ilikuwa ya kufunga mwaka, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko sherehe, kwa sababu alikuwa amepata kibanda cha kupanga pale Olympic, kando ya barabara, mahali pa kuuzia chai na mandazi kama mtu, na kitu pekee alichokosa ni vyombo. Masufuria makubwa, vikombe, sinia, sahani. "Hiyo siku ikipita salama, Saulo," aliniambia, "mambo ya kukaa mlangoni na karai nimemaliza." Tena wale akina mama si wa vyombo tu. Mume wake alipofariki, wao ndio waliolala naye, wakapika, wakatafuta gari la kupeleka mwili nyumbani Kakamega. Mimi nilikuwa Dubai nikipiga mashuka pasi.

Akaniomba niimbe siku hiyo. "Imba ule wa landlord," akasema. "Huo unachekesha watu." Ni kweli, nina wimbo wa landlord anayepanda ngazi kudai kodi akiwa ameshikilia suruali, na kila mtu anaupenda. Lakini kila mtu ameshausikia.

Sasa mchana mmoja nilikuwa kwa shangazi nimejinyoosha nyuma ya pazia, pale kitanda kilipo, wakaingia wenzake wawili kupanga mambo ya sherehe. Mmoja alikuwa Mama Mwende, mwenyekiti wao, mama wa Kitui mwenye sauti inayofika mahali kabla yake. Mwingine alikuwa Mama Achieng, anayeuza samaki, mtu wa kunong'ona. Hawakujua kuna mtu, na shangazi alidhani nimeshalala.

"Kuna themosi inazunguka kwa hii chama," Mama Achieng alisema kwa sauti ya chini. "Mtu anapewa, hafungui hata boksi, anangoja zamu ya mwingine anampelekea."

"Wacha!" Mama Mwende akashangaa.

"Haki ya nani. Na mimi najua ni nani alianza hiyo tabia."

"Ni nani?"

"Wewe unashuku nani?"

"Mimi sishuku mtu. Kwani wewe unashuku nani?"

Nikasikia vikombe tu. Shangazi akakohoa, akasema haraka haraka, "Jamani, mambo ya chama hayatoki nje ya huu mlango." Wakaitikia kwamba hayatoki. Na mimi nyuma ya pazia tayari nilikuwa nimeshapata kiitikio.

Mwalimu wetu wa utunzi, mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu hata kwa bahati mbaya, alituambia kwamba mtu hachekeshwi na mzaha, anachekeshwa na kujiona mwenyewe ndani ya mzaha, na kama unataka umguse pia, basi hicho unachokiimba, kiwe mlevi au mbuzi au kiti kibovu, lazima kiwe na jambo kinalolitamani kweli kweli. Andika, alisema, ili kila anayesikiliza adhani umemwandikia yeye peke yake. Nikafunga dirisha langu Kawangware, nikaipa themosi mdomo ijisemee:

*Juzi kwa Mama Fulani, chini ya kitanda chake,*
*Jana nikafungwa leso, nikenda kwa mwenza wake,*
*Kofia yangu nyekundu, inang'aa peke yake,*
*Chai nasikia jina, sijui utamu wake.*

*Nifungueni, jamani, nifungueni nicheke,*
*Nimechoka kartoni, nataka chai niweke.*

Nilipofika kwenye "sijui utamu wake" niliweka gitaa chini, nikajua wimbo umepatikana. Hii kofia nyekundu niliitoa hewani tu. Ingeweza kuwa kijani. Nyekundu ilikaa vizuri kwenye mizani, nikaiacha, wala sikujiuliza imetoka wapi kichwani mwangu.

Hata hivyo nawaambieni ukweli, mpaka asubuhi ya sherehe nilikuwa sijaamua niimbe upi. Nilikwenda kwa Oduor kuazima koti lake la harusi, lile la rangi ya maziwa, akanivalisha, akanipangusa mabega, akaniambia, "Buda, piga ule wa landlord. Huo haukosi." Na hapo, kwa neno hilo moja, kila kitu kikaharibika. Maana nilijiuliza, kwa nini Oduor, ambaye aliapa kwamba sitaweza, ananionea huruma leo? Kwa nini anataka niimbe wimbo uliochakaa? Anataka niaibike! Nikamshukuru kwa koti, nikapita kwa Shemasi Jotham kuchukua spika na maiki ya kanisa nilizoazima (akanisihi nisizitumie kuimba mambo ya dunia), nikaenda Kibera nimeamua: themosi.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja pale Olympic. Shangazi alikaa mbele kabisa kwenye kiti chenye kitambaa, kilemba kipya, mikono magotini, akijaribu kutotabasamu. Wenzake wakaingia wakicheza, mmoja baada ya mwingine, na meza ikaanza kujaa: sufuria juu ya sufuria, sinia, jagi, ndoo ya vikombe. Mama Mwende aliingia na boksi lililofungwa leso, na niliona (mimi huona mambo kama hayo) kwamba hakulirusha juu akalicheza kama wenzake walivyocheza vyao, alilisukuma upande wa nyuma ya masufuria, kisha akasimama mbele yake. Nikalitilia shaka. Lakini nilikuwa natia gitaa sauti, nikaachana nalo.

Nikashika maiki. Nikajitambulisha. Nikataja diploma, nikataja Dubai, nikataja kwamba wimbo watakaousikia umetungwa kitaalamu ili uwaguse. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza mzee mmoja nyuma, mume wa mtu, alicheka "ha!" halafu akakatika, kama mtu aliyefinywa. Baada ya hapo kimya. Wala si kimya cha kuboeka, maana hicho nakijua, watu hutoa simu. Hapa hakuna aliyegusa simu. Macho yaliwatoka, midomo ikafungwa, mama mmoja akaweka mkono kifuani. Nikajiambia, Saulo, umewashika! Wameguswa! Nikarudia kiitikio, nikakirudia tena polepole, nikawaomba wapige makofi, nikafumba macho kwenye "nifungueni, jamani" nikaivuta ile "ma" mpaka pumzi ikaniisha. Nilipofumbua macho nikaona hakuna anayenitazama mimi. Kila mama alikuwa anamtazama aliye kando yake, kwa pembe ya jicho.

Mama Achieng ndiye aliyesimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunong'ona. "Nani amemwambia huyu mambo yangu?"

"Yako?" akadakia mwingine. "Si ni mimi ananiimba? Chini ya kitanda ni wapi kama si kwangu?"

"Hata kwangu vitu viko chini ya kitanda!"

"Kwani kuna mtu hapa ako na stoo? Sisi wote vitu viko chini ya kitanda!"

"Basi amekuimba wewe pia!"

Mwalimu wangu angejivunia. Kila mtu alidhani nimemwandikia yeye peke yake. Lakini hakuna aliyekuwa akicheka, na sasa wote waligeuka pole pole, wakatazama kiti cha mbele.

"Rasoa," Mama Mwende alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi bila maiki. "Hayo maneno tuliongea kwako. Nyumba ni yako, kijana ni wako."

"Sijamwambia kitu, Mama Mwende. Naapa mbele ya Mungu."

"Sasa ameota?"

Shangazi alinigeukia. Alinitazama, na ningependa kusema kwamba hapo ndipo nilipojitokeza nikasema nilikuwa nyuma ya pazia, maneno manne tu, lakini mtu aliyetoka kutajataja diploma yake kwenye maiki anaanzaje kusema alikuwa amelala nyuma ya pazia akisikiliza umbeya wa akina mama? Nikajifanya nahangaika na waya wa maiki. Mama mmoja akaenda mezani akachukua sufuria lake. Mwingine akachukua sinia. "Chama haiwezi kupea vyombo mtu anatuuza," mtu akasema, na shangazi yangu akabaki ameketi pale pale kwenye kitambaa, akitazama kibanda chake cha Olympic kikiondoka mezani kipande kwa kipande, na wenzake wakimpita bila kumgusa.

Hapo nikaruka. "Wapendwa!" nikapiga kelele kwenye maiki. "Wimbo ni wa kubuni! Hakuna themosi! Hakuna kofia nyekundu popote duniani! Nitawaonyesha, tufungue chochote!" Na kwa kuwa Mama Mwende alikuwa karibu nami, boksi lake kwapani, akielekea mlangoni kwa haraka ambayo nilipaswa kuishuku, nikalishika.

"Usifungue hiyo," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema usifungue."

"Fungua!" ukumbi mzima ukaitikia.

Leso ikaanguka. Kartoni likaachia. Ikatokea themosi kubwa, ya mdomo mpana, mpya kabisa, kofia yake nyekundu ikang'aa peke yake, vile vile nilivyoiimba.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mama Mwende alitazama dari. Kisha Mama Achieng akasogea mbele akainamia ile themosi, akasema taratibu, "Hii si ni ile nilikupea zamu yako?"

"Na wewe si ulipewa na mimi?" sauti ikatoka nyuma.

"Hata mimi nilipewa na Mama Shiru!"

"Mimi sikuinunua, niliikuta kwa vyombo zangu!" Mama Shiru akajitetea.

Vidole vikaanza kunyooshwa, huyu kwa huyu, huyu kwa yule, vikazunguka ukumbi mzima, na hakuna hata mmoja aliyebaki nje, mpaka vidole vikaishia kwenye kiti chenye kitambaa.

"Ni mimi nilianza," shangazi akasema. "Ilitoka Dubai. Saulo ndiye alinitumia."

Jamani. Mtu mwenye akili timamu hapo angeweka gitaa chini akatafuta mlango. Lakini mimi nilifurahi! Themosi yangu! Haikuuzwa! Na kumbe nyekundu ile niliitoa kichwani kwa sababu niliinunua mwenyewe! Basi nikainua themosi juu kama kombe, maiki mdomoni, nikawatangazia kwamba chombo hiki ni cha daraja la hoteli kubwa, nilikinunua kwa jasho langu, kimepita mikono yao yote bila mtu kukitambua thamani, na kwamba leo mimi mwenyewe nitakifungua ili waone kioo cha ndani kinavyong'aa. Nikazungusha kofia, nikatoa kizibo, nikaigeuza themosi juu chini mbele ya macho ya watu.

Kitu kikachungulia.

"Kuna kitambaa ndani," alisema Mama Mwende, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutafuta jambo lingine la watu kutazama. Akakishika ncha akakivuta. Soksi. Akavuta tena, soksi ya pili. Akaingiza vidole vyake ndani kabisa akavuta kitu kirefu zaidi, cha buluu, akakikunjua, akakishika pande mbili mbele ya dirisha ili mwanga ukipite vizuri, na akakisoma kwa ile sauti yake:

"SAULO. CHUMBA SITA."

"Ni safi!" nikasema. Sikuwa nimetoa maiki mdomoni. Ile spika ya kanisa, ambayo kila Jumapili hukwaruza mahubiri, siku hiyo ilitoa sauti safi kabisa hadi barabarani: "Ilikuwa safi! Niliifua mwenyewe!"

Na sasa nikakumbuka yote. Siku ya kufunga ule mzigo nilihofia kioo kisivunjike njiani, tena kartoni la mzigo halijazwi hewa, kila mtu aliyewahi kutuma mzigo kutoka kule anajua kwamba kiatu kinajazwa sabuni na sufuria inajazwa sukari, basi nikaijaza themosi kwa chochote kilichokuwa karibu, nikapiga gundi, nikasahau. Halafu nikamnunia Yusufu.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia kokote, na mimi nimesomea vicheko. Kilianza na yule mzee wa nyuma, safari hii hakuna aliyemfinya. Mama Achieng alipiga magoti kabisa. Mama mwingine alikuwa akipiga meza kwa mfuniko wa sufuria na kusema "chumba sita, chumba sita, woi, nishikeni." Mama Mwende alicheka mpaka machozi yakamtiririka, akayafuta kwa kile alichokuwa amekishika mkononi, akagundua ni nini, akakirusha, na kikatua kwenye bega la koti la harusi la Oduor nililokuwa nimevaa. Hapo ukumbi ulivunjika upya.

Shangazi naye alicheka, kilemba kikamtoka, akacheka tena, halafu nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna nyingine. Mama Mwende akaacha kucheka akaenda kuketi sakafuni kando ya kiti chake.

"Nilikuwa nimeiweka mpaka Saulo akirudi," shangazi alisema. "Nilisema chai ya kwanza atakunywa yeye. Halafu ikafika zamu ya Mama Shiru, na mwezi huo sikuwa na kitu. Hata kijiko sikuwa nacho cha kupeleka."

"Si ungesema tu, Rasoa."

"Ningesema nini?"

Mama Mwende akakunja leso yake, akaikunjua. "Hata mimi leo sikuwa na kitu," akasema.

"Mimi pia, ule mwezi wangu," alisema Mama Achieng kutoka pale chini alipopiga magoti. Wengine wakasema hivyo hivyo, wengine hawakusema, walipangusa tu macho. Na mimi nikasimama pale na gitaa langu na diploma yangu yote, na ndipo nikaelewa wimbo wangu ulihusu nini.

Nikavuta maiki. "Shangazi hakuniambia kitu," nikasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Tumejua, mwanangu," Mama Mwende akanijibu. "Mtu anaweka nguo ya ndani kwa themosi, nani atamwambia siri?"

Yule aliyechukua sinia akairudisha mezani. Sufuria likarudi, na la pili, na walipomaliza kucheza upya (walicheza upya kila kitu, hata kilichokwisha kuchezwa) meza ilikuwa imejaa kuliko mwanzo.

Basi ikabaki kazi ya kurudisha nilivyoazima. Nilifika Kawangware na koti mkononi, nikiwa nimejiandaa kusimulia kwa namna yangu, na kabla sijavuka barabara Oduor akatoa kichwa kibandani: "Niaje, Chumba Sita!" Sijui habari ilipitia wapi, labda ilipanda kitu kinachokwenda kasi kuliko mimi. Nikampa koti lake. Alilinusa bega, akalitundika, akasema, "Na nilikuambia uimbe ule wa landlord," na nikaona kwamba siku ile alinitakia mema tu, bila hila yoyote, jambo ambalo liliniuma kuliko kuchekwa. Shemasi Jotham aliipokea spika akaiwekea mkono, akaiombea. Yusufu nilimpigia simu. Nikamwambia boksa imepatikana. Akauliza, "Boksa ipi?" Hakuwahi kujua kwamba nilimshuku, alidhani, aliniambia, kwamba nilikuwa mtu mwenye huzuni tu, na alikuwa akiniombea.

Wale akina mama nao niliwaazima, tena bila ruhusa. Niliazima maneno yao nyuma ya pazia. Mama Mwende akatoa hukumu: nipite nyumba kwa nyumba na ile themosi ikiwa imejaa chai, nimmiminie kila mmoja kikombe na kumwimbia wimbo mpya, na wimbo uwe wa Saulo Chumba Sita, usiwe wa mtu mwingine. Nilipita zote. Mnajua nini? Wimbo huo haujawahi kukosa. Watu wanacheka mstari wa kwanza, na nikifika kwa Yusufu na mkono wake ulioachwa hewani wanaacha kucheka, wanasema, "maskini." Sikuhitaji hata kutafuta chombo cha kunisemea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi, ila hakuwa nyumbani, alikuwa Olympic kwenye kibanda chake kipya, masufuria yamepangwa, wateja wawili benchini. Nikammiminia kikombe cha chai niliyoipika Kawangware asubuhi ile ile. Akakishika kwa mikono miwili. Akanywa. Akatazama kikombe, akaitazama themosi, akanitazama.

"Saulo," akasema, "haishiki moto."

Nikaonja. Ilikuwa imepoa kabisa, kama maji ya kunawa. Themosi ya hoteli kubwa, ya jasho langu, iliyozunguka chama kizima kwa heshima zote, haishiki moto, na ningeweza kulijua hilo miaka yote hiyo kama ningeitia chai hata mara moja kabla ya kuituma. Ndiyo maana nimeapa, nanyi ni mashahidi: mtu mzima mimi sitaimba tena juu ya kitu ambacho sijakifungua mwenyewe nikaona kilichomo.

Nilidhani ataicheka. Badala yake alimaliza kikombe chote, baridi hivyo hivyo, akaniambia nimwazime ile kalamu yangu ya wino usiofutika. Nikamwazima. Akaigeuza themosi, akaandika chini kwa herufi kubwa, RASOA, akaupulizia wino ukauke, kisha akaiweka kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma yake, mahali ambapo mtu hawezi kuifikia bila yeye kumwona.